Namna ya Kupima Usanifu wa Hila Kwenye Programu ya Simu: Mwongozo Kamili

Usanifu wa hila ni kupanga skrini za programu ili mtu afanye jambo linaloifaa kampuni bila yeye kulikusudia. Ripoti nyingi za hila hizi ninazoletewa nizipitie kabla hazijapelekwa kwa wakubwa zinafanana. Ukurasa wa kwanza una picha sita saba za skrini, zimezungushiwa duara jekundu, na chini yake kumeandikwa "hapa wanawadanganya watu". Aliyeandika mara nyingi yuko sahihi kabisa. Ripoti inafika kwa meneja, naye anajibu sentensi moja: "Hayo ni maoni yako." Kazi ya wiki mbili inaishia hapo, na mtego unabaki palepale ukiendelea kunasa watu.

Kinachokosekana ni namba, tena namba mbilimbili. Hila ya kwenye skrini ni vigumu kuithibitisha ukiitazama peke yake. Inajitokeza ukiziweka njia mbili kando kwa kando: ile inayoifaa kampuni na ile inayomfaa mtumiaji, kisha ukapima tofauti yake. Kuingia na kutoka. Kukubali na kukataa. Bei ya skrini ya kwanza na bei ya skrini ya mwisho. Hatua zote zilizo hapa chini ni namna tofauti za kupima tofauti hiyo.

Mfano nitakaoutumia ni programu za mikopo ya simu, kwa sababu ndiko madhara yanakoonekana haraka. Mikopo ya kausha damu, ile midogo ya riba kubwa, imehama kutoka vibarazani na kuingia mfukoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini vipimo hivi vinafaa pia kwa duka la mtandaoni, kampuni ya kubeti au huduma ya kulipia kila mwezi.

## Utakachohitaji

- Simu ya pili, ya bei ndogo, isiyo na majina na namba za watu unaowafahamu wala picha zako.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Programu ya kurekodi skrini. Simu nyingi za sasa zinakuja nayo.
- Saa ya kupima sekunde, daftari, na faili la Excel.
- Rula ya milimita.
- Kipimo cha utofauti wa rangi. Viko vingi vya bure mtandaoni. Unaingiza rangi mbili, vinakupa uwiano.
- Watu wanane hadi kumi wanaofanana na watumiaji halisi wa programu hiyo. Usiwachukue wafanyakazi wenzako.
- Siku kumi. Hila nyingine hazijitokezi siku ya kwanza.

Tahadhari kabla ya yote: usipime programu ya mikopo kwa simu yako ya kila siku. Ukigusa "Ruhusu" mara moja tu, majina ya mama yako, bosi wako na fundi wako wa friji yanaweza kuwa yameshakwenda, na hakuna kitufe cha kuyarudisha. Vilevile usijaribu kujisajili kwa kitambulisho cha mtu mwingine, hata akikuruhusu. Utakuwa umefanya kosa kubwa kuliko unalolichunguza.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja na uiandikie njia zake mbili

Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanataka kupima programu nzima. Programu nzima haipimiki. Kinachopimika ni kazi moja ambayo mtu anakuja kuifanya.

Iandike kazi hiyo kwa maneno ambayo mtumiaji angeyasema mwenyewe: "nataka kukopa elfu hamsini", "nataka kufuta akaunti yangu", "sitaki waone majina ya simu yangu". Kila kazi ipe mwenzake wa upande wa pili:

- Kuchukua mkopo / kughairi kabla pesa haijaingia.
- Kufungua akaunti / kufuta akaunti.
- Kutoa ruhusa / kunyima ruhusa na bado uendelee.
- Kuwasha matangazo ya ujumbe / kuyazima.

Umefanikiwa ikiwa una karatasi moja yenye jozi tatu hadi tano, na mtu asiyejua kompyuta akiisoma anakuelewa.

## Hatua ya 2: Andaa simu na anza kurekodi

Weka programu upya kabisa kama mtu mgeni. Sababu ni kwamba programu nyingi zinamwonyesha mgeni skrini tofauti na zile anazoziona mwenyeji, na ukitumia akaunti yako ya zamani utapima kitu ambacho mgeni hakioni.

Andika tarehe, saa, namba ya toleo la programu, aina ya simu na ukubwa wa kioo chake. Hili si urasimu. Nimeshawahi kuambiwa na timu ya kampuni kwamba skrini niliyoilalamikia "haipo". Wakati huo walikuwa wameibadilisha, na sikuwa nimeandika namba ya toleo. Sikuwa na la kujibu.

Simu ndogo ina sababu yake. Kwenye simu ya bei kubwa, maneno ya makato yanaonekana chini ya kitufe. Kwenye simu ambayo wakopaji wengi wanayo, maneno hayohayo yameangukia nje ya kioo, na kitufe cha "Pata Pesa Sasa" kimebaki juu peke yake. Hila nzima imo katika sentimita mbili za kioo.

## Hatua ya 3: Hesabu njia zote mbili

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka kwa kuona ni ya kitoto.

Kwa kila njia, hesabu vitu vitano:

1. Skrini alizopita mtu.
2. Mara alizogusa kioo, pamoja na kusogeza na kuandika.
3. Machaguo aliyowekewa mbele yake.
4. Sekunde kutoka mwanzo hadi mwisho.
5. Mambo ya nje ya programu: kupiga simu, kutuma barua pepe, kusubiri saa za kazi.

Rudia mara tatu, kisha chukua namba ya katikati. Mara ya kwanza huwa unapotea, mara ya tatu umeshazoea. Halafu gawanya: namba ya njia ya mtumiaji kwa namba ya njia ya kampuni.

Hapa kuna vipimo vya programu moja niliyoikagua, jozi ya kufungua na kufuta akaunti. Kufungua: skrini 4, migusio 9, sekunde 70. Kufuta: skrini 9, migusio 21, sekunde 240, na mwishoni ujumbe wa kumtaka mtu apige simu siku za kazi. Migusio 21 kugawanya kwa 9 ni mara 2.3. Muda ni mara 3.4 kabla hata hajapiga simu. Sasa meneja hawezi kusema ni maoni yangu. Anaweza kuhesabu mwenyewe.

Hesabu za namna hii si mchezo wa darasani. Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Msingi wa shauri ulikuwa huu: kukubali vidakuzi vya ufuatiliaji (faili ndogo za tovuti zinazofuatilia anachofanya mtu mtandaoni) kulihitaji mguso mmoja, kuvikataa kulihitaji migusio kadhaa. Nchini Marekani, tume ya biashara FTC ilipoishtaki Amazon mwaka 2023 juu ya Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia, ilieleza njia ya kujitoa kwa namba: kurasa nne, mibofyo sita, machaguo kumi na tano. Shauri hilo lilimalizika Septemba 2025 kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5. Kesi zote mbili zilisimama juu ya kuhesabu.

Kwa mazoea yangu, uwiano chini ya 1.5 naupitisha. Kati ya 1.5 na 2 nauliza sababu. Ukizidi 2, naandika kuwa ni tatizo mpaka kampuni inithibitishie vinginevyo.

Tahadhari: si kila kikwazo ni hila. Skrini moja inayouliza "Una uhakika unataka kufuta? Kumbukumbu zako zote zitapotea" inamlinda mtu asijikate kwa bahati mbaya. Namba ya siri kabla ya kutuma pesa vilevile. Jiulize: skrini hii ikiondolewa, nani ataumia? Akiumia mtumiaji, iache. Ikiumia hesabu ya mapato peke yake, ihesabu.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine akifuata rekodi yako anapata namba zilezile, au anatofautiana nawe kwa mguso mmoja tu.

## Hatua ya 4: Pima kinachoonekana na kinachosemwa

Shika rula. Pima upana na kimo cha kitufe cha "Kubali" na cha "Kataa" kwenye kioo kilekile. Kisha chukua rangi za maandishi na za mandharinyuma yake, uzipime utofauti. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Ukikuta "Kubali" ina 8 kwa 1 na "Hapana, asante" ya kijivu juu ya nyeupe ina 2 kwa 1, umepata tofauti isiyohitaji hoja ndefu.

Angalia visanduku vilivyokwisha kuwekwa alama kabla mtu hajagusa kitu. Vihesabu, na mbele ya kila kimoja andika kinamfaa nani.

Kisha soma maneno kwa sauti. Kuna kauli zinazomsuta mtu ili aone aibu kukataa: "Hapana, sijali usalama wa familia yangu." Kuna kauli zenye kukana mara mbili au tatu, kama "Usiondoe alama ikiwa hutaki kutopokea ujumbe", ambazo hata mwalimu wa lugha atazirudia mara mbili. Hesabu ngapi ziko njia ya kukubali na ngapi njia ya kukataa.

Hapa ndipo pa kutenganisha uzembe na hila, na ni swali ninaloulizwa kuliko yote. Orodhesha kila kasoro uliyoikuta, hata ndogo, na mbele yake andika inamfaidi nani. Uzembe hauna upande: mara unamkwaza mteja, mara unaitia kampuni hasara. Ukikuta kasoro kumi na moja na kumi zinaifaidi kampuni, hiyo si bahati mbaya. Sihitaji kujua kilichokuwa moyoni mwa msanifu, na wewe usijaribu kukiandika kwenye ripoti. Andika mwelekeo wa kasoro tu.

## Hatua ya 5: Jaribu ukweli wa haraka wanayokuharakishia

"Ofa inaisha baada ya dakika 9:58." "Zimebaki nafasi 3." "Watu 46 wamepata mkopo sasa hivi."

Usibishane nazo. Zipime:

- Acha saa ifike sifuri. Ofa imeondoka kweli?
- Funga programu, ifungue tena. Saa imeanza upya?
- Fungua kwenye simu ya pili kwa wakati uleule. Namba zinalingana?
- Rudi kesho saa ileile. Nafasi bado ni tatu?

Rekodi video ya kila jaribio. Saa inayojirudisha kwenye dakika kumi kila unapofungua programu si mtindo wa biashara, ni kauli ya uongo, na kwenye ripoti iite hivyo. Usiilainishe kwa kuandika "inaweza kuwachanganya watumiaji".

## Hatua ya 6: Ifuate shilingi

Kwa programu yoyote inayogusa pesa, andika kila namba ya fedha unayoiona na skrini uliyoiona. Unatafuta kitu kimoja: gharama kamili inajitokeza kabla au baada ya mtu kuwa ameshajifunga?

Chukua mfano. Skrini ya kwanza inasema "Pata TSh 50,000, riba nafuu". Skrini ya tano, baada ya mtu kupiga picha kitambulisho na uso wake, inaonyesha ada ya huduma 9,000 na ada ya uchakataji 3,000, na zote zinakatwa kabla pesa haijatumwa. Mkononi zinaingia 38,000. Baada ya siku saba anarudisha 50,000.

Fanya hesabu mbele ya msomaji wa ripoti. Gharama ni 12,000 juu ya 38,000 alizopokea, yaani asilimia 31.6 kwa wiki moja. Zidisha kwa wiki 52: zaidi ya asilimia 1,600 kwa mwaka. Wengi wanakosea kwa kugawanya 12,000 kwa 50,000, wakapata asilimia 24. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kampuni ingependa uifanye. Mkopo wa kweli ni pesa iliyomfikia mtu mkononi, basi.

Andika vipimo viwili: pengo kati ya namba ya kwanza na namba ya kweli, na umbali wa skrini kati yake. Pengo la 12,000 lililofichwa skrini nne mbele, nyuma ya picha ya kitambulisho, ni zito kuliko pengo lilelile lililoandikwa skrini ya kwanza. Mtu akishatoa kitambulisho na dakika kumi za muda wake, kurudi nyuma kunamuuma. Wanaopanga skrini kwa utaratibu huo wanalijua hilo.

## Hatua ya 7: Ruhusa na usumbufu

Tengeneza safu tatu: ruhusa inayoombwa, sababu iliyotolewa, na je, kazi inawezekana bila hiyo? Kamera kwa ajili ya kitambulisho ina sababu. Majina yaliyo kwenye simu hayana. Tangu 2023 Google Play inazikataza programu za mikopo binafsi kufikia majina na picha za mtumiaji, kwa hiyo ukikuta programu inayosambazwa kwa kiungo cha WhatsApp badala ya duka, anza ukaguzi wako na ruhusa.

Kisha kataa kila kitu kinachokatalika na uhesabu kwa siku saba ni mara ngapi unaulizwa tena. Swali moja likirudi mara kumi na nne kwa wiki, hilo si swali tena. Andika namba.

## Hatua ya 8: Kaa na watu

Vipimo vya skrini vinakuonyesha mtego. Hatua hii inakuonyesha nani anaingia na kwa kiasi gani, na hakuna namba inayoweza kuchukua nafasi yake.

Tafuta watu wanane hadi kumi. Changanya umri, changanya viwango vya kusoma. Waeleze kwanza kwamba unaipima programu, si wao, na kwamba wanaweza kuacha wakati wowote. Waombe idhini ya kurekodi. Wape nauli na chochote kidogo cha muda wao. Usiwaruhusu wafike skrini ya mwisho ya kuthibitisha mkopo wa kweli. Tumia simu yako ya pili, na simama kabla ya hapo.

Mpe mtu kazi, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Ukimwona anahangaika, kidole kinakuwasha umwonyeshe. Usimwonyeshe. Sekunde anazohangaika ndizo data yako.

Nakumbuka kikao kimoja na mama muuza mboga, mtu mzima, nadhifu, na hesabu za meza yake zote ziko kichwani. Nilimsalimia shikamoo, tukaketi nyuma ya meza yake, nikampa simu. Alisoma skrini ya kwanza polepole, midomo ikicheza. Skrini ya pili aliisoma nusu. Kuanzia ya tatu kidole gumba chake kilikuwa kinatafuta rangi ya kijani tu: inatokea, anagusa, inatokea, anagusa. Nilimsimamisha skrini moja kabla ya mwisho.

"Mama, kwa unavyoelewa, mkononi utapokea shilingi ngapi?"

"Si hamsini, mwanangu? Wameandika hamsini."

"Na utarudisha ngapi?"

"Hamsini na riba. Kama hamsini na tano hivi."

"Siku gani?"

Aliitazama skrini, akaigeuza simu kidogo kana kwamba jibu liko pembeni. "Mwisho wa mwezi?"

Ilikuwa siku saba, na mkononi zilikuwa zinamfikia 38,000. Mama huyu hawezi kupunjwa fungu moja la mchicha sokoni. Tatizo halikuwa akili yake.

Maswali ya kumuuliza kila mtu, kwa mpangilio uleule:

1. Utapokea kiasi gani mkononi?
2. Utarudisha kiasi gani, na lini?
3. Umeiruhusu programu ione nini kwenye simu yako?
4. Ukibadili mawazo sasa hivi, utafanyaje?

Kila jibu ni sahihi au si sahihi. Wakijibu sahihi swali la kwanza watu wawili kati ya kumi, kipimo cha uelewa ni 2 kwa 10. Usikigeuze kuwa "asilimia 20 ya Watanzania". Watu kumi wanakuonyesha tatizo lipo na lilivyo. Hawakupi takwimu ya taifa. Ripoti nzuri zimetupwa kwa kosa hili moja.

Baada ya maswali, fungua karatasi uliyoandaa yenye ukweli wote kwa herufi kubwa: utapokea hiki, utarudisha hiki, siku hii. Kisha uliza swali la tano: "Ungekuwa umeliona hili mwanzo, ungeendelea?" Idadi ya wanaosema hapana ndiyo kipimo cha majuto. Kwangu ndicho kipimo kizito kuliko vyote kwenye ripoti, kwa sababu kinatoka kinywani mwa aliyekuwa anakaribia kuumia.

Usikilize pia hasira, lakini usiitegemee. Watafiti Jamie Luguri na Lior Strahilevitz walichapisha mwaka 2021 majaribio waliyoyafanya Marekani. Waliowekewa hila nyepesi walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kujiunga na huduma yenye mashaka kuliko wasiowekewa. Waliowekewa hila nzito, karibu mara nne. Hila nzito ziliwaudhi watu. Nyepesi hazikuwaudhi. Kwa hiyo mshiriki akikwambia "mbona iko sawa tu", andika hivyo, na bado uangalie alichojibu kwenye swali la kwanza.

Umefanikiwa ikiwa kila mshiriki ana majibu matano yaliyoandikwa kwa maneno yake, na wewe hujamsaidia hata mara moja.

## Hatua ya 9: Pima uzito wa hatari

Kila tatizo lipe alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu: ukubwa wa madhara, wingi wa watakaoguswa, na ugumu wa kurudisha kilichopotea. Zidisha.

- Makato yaliyofichwa: 4 × 5 × 4 = 80.
- Saa ya uongo: 3 × 4 × 3 = 36.
- Kuulizwa ruhusa kila siku: 2 × 5 × 1 = 10.

Watu wawili watoe alama kila mmoja peke yake kabla ya kuonyeshana. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama moja, jadilianeni mpaka mjue sababu, kisha muiandike.

Usitafute wastani wa programu nzima. Wastani ni maficho. Programu yenye skrini thelathini safi na moja inayonyonya majina ya ndugu zako itapata wastani mzuri sana. Ndiyo maana naweka vizuizi vitatu visivyohitaji alama, na kimoja tu kinatosha kuiangusha programu: kauli ya uongo, pesa inayoondoka bila mtu kujua kiasi, na taarifa za watu wengine wasiohusika na mkopo. Shangazi yako hakukopa. Hakuna alama inayohalalisha apigiwe simu saa nne usiku kuhusu deni lako.

## Hatua ya 10: Andika, peleka, pima tena

Kila tatizo liandike kwa sentensi nne: kazi gani, namba mbili na tofauti yake, nani anaumia na vipi, skrini ibadilishwe iwe namna gani. Ambatanisha rekodi na namba ya toleo. Ripoti yangu bora kuliko zote ilikuwa na kurasa tatu.

Ikiwa wewe ni msanifu ndani ya kampuni, jiandae kuambiwa kwamba skrini hiyo ndiyo "inayoleta wateja". Usikatae hoja hiyo, idai namba ya pili. Kila wanapoonyesha idadi ya waliokubali, uliza wangapi waliomba kughairi ndani ya siku saba, wangapi walipiga huduma kwa wateja kuuliza makato, wangapi walikopa mara moja wasirudi. Tengeneza toleo lenye gharama zote skrini ya kwanza, lijaribu kwa watu kumi wengine kwa maswali yaleyale. Kama uelewa umepanda kutoka 2 hadi 9 kwa 10 na waliokubali wamepungua, hao waliopungua ni watu ambao hawakuwa wamekubali hata mwanzo.

Ikiwa uko nje na kampuni haisikii, Tanzania kuna Benki Kuu kwa leseni na mwenendo wa mkopeshaji, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mambo ya majina na picha, chini ya sheria ya 2022. Kenya kuna Benki Kuu, ambayo kanuni zake za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinagusa pia namna wanavyowafuata wadeni, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019. Peleka namba kwanza, hasira iwe kwenye barua ya kuisindikiza ripoti.

Kisha weka tarehe kwenye kalenda, siku thelathini mbele. Programu ikipata toleo jipya, rudia hatua ya 3 na ya 6 peke yake. Ni kazi ya saa moja. Kuna makampuni yanayosogeza kitufe kilicholalamikiwa na kuupeleka mzigo skrini inayofuata. Migusio ya kutoka ikishuka kutoka 21 hadi 10, na maelezo ya gharama yakasogezwa kutoka skrini ya tano hadi ya kwanza, mpigie simu mmoja wa washiriki wako wa mwanzo, mpe simu ile ndogo, na umuulize tena atapokea shilingi ngapi mkononi.